Kuogesha Kichanga

Maji ya baridi hutangulia. Bibi huyamimina kwanza kwenye beseni, kiasi cha kufunika kiganja, ndipo anaongeza ya moto kutoka kwenye sufuria, kidogo kidogo, huku akikoroga kwa mkono. Utaratibu huo hauvunji. Ukianza na ya moto, kisha ukaitwa mlangoni au simu ikalia, yanayobaki kwenye beseni ni maji ya kumbabua mtu. Ukianza na ya baridi, baya kubwa linaloweza kukupata ni kurudi jikoni kuongeza ya moto.

Akishachanganya anapima kwa kiwiko. Viganja vyake vimeshika vyungu na kufua nguo tangu utotoni, havishtuki tena kwa joto, lakini ngozi ya kiwiko bado inasikia. Anakizamisha, anakiacha humo, anangoja. Maji yakiwa sawa hayaonekani ya moto wala ya baridi, na mkono unakaribia kusahau kwamba umo majini. Kliniki wangetumia kipimajoto, nacho kingesoma nyuzi 37 au 38. Yeye hana, na kila aliponiambia nami niingize kiwiko changu baada ya chake sikupata la kuongeza.

Nyumba iko Ngamiani, Tanga. Mzazi ni binti yake wa mwisho, mtoto ni wa kwanza kwa mama yake, wa kike. Kwa desturi ya pwani mzazi hukaa ndani siku arubaini, na katika siku hizo kazi ya kuogesha kichanga huachiwa mtu mmoja mwenye mikono iliyozoea, awe mama wa mzazi, somo au mkunga wa mtaani. Wengine tunaingia na kutoka, huyu na uji wa pilipili manga, yule na supu. Mimi nilikwenda kumpongeza mzazi nikajikuta natazama mikono ya mama yake. Tangu hapo kila asubuhi niliyoipata nilirudi, nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango, upande usiomzibia mwanga.

Nimeona watoto wengi wakiogeshwa. Mazungumzo yetu wanawake kuhusu jambo hili huwa ni ya vitu: sabuni gani, mafuta gani, poda ya wapi. Kwa bibi huyu nimejifunza kutazama kwingine. Ufundi wake mkubwa umo katika vile asivyovigusa, na katika muda anaoutoa kwenye sehemu ya kazi ambayo wengi wetu tunaikimbia, yaani kukausha.

Siku aliyozaliwa, mtoto hakuogeshwa. Bibi ni wa kizazi kilichomtoa mtoto tumboni na kumtia majini saa hiyohiyo, maana ule utando mweupe, mzito kama siagi, ulihesabiwa uchafu. Tena ulihesabiwa aibu. Wako hata leo wanaoutazama na kumsema mama kwamba hakujizuia na mumewe wakati wa ujauzito. Maneno hayo hayana ukweli wowote. Utando huo mtoto hujitengenezea mwenyewe katika miezi ya mwisho tumboni. Sehemu yake kubwa ni maji, karibu asilimia 80, na kilichobaki ni mafuta na protini, kwa takriban nusu kwa nusu, zikiwamo protini zinazopambana na vijidudu. Kazi yake ni kuikinga ngozi isilowe ndani ya maji ya uzazi, na mtoto akishatoka, unaisaidia ngozi isikauke. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya kutimiza saa 24, kwa sababu hiyo na kwa sababu ya baridi. Kichanga hajui kutetemeka ili kujipasha moto. Kwa uzito wake mdogo ana ngozi nyingi ya kupotezea joto, na akilowa joto linamtoka upesi kuliko anavyoweza kulirudisha.

Nesi alipowaeleza hayo, bibi hakubisha. Alimfuta damu kichwani kwa kitambaa kikavu, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa kanga. Nilimuuliza kama haikumwia vigumu, yeye aliyeogesha watoto wa mtaa mzima kwa njia ya zamani. Alinijibu, “Mwanangu, mimi nataka mtoto aishi. Kama kungoja ndiko kunakomsaidia, nitangoja.”

Kungoja kuliendelea. Wakati kitovu hakijakatika alimfuta tu, kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, kiungo kimoja kimoja, sehemu nyingine zikiwa zimefunikwa. Kile kikonyo cha kitovu hakukipaka kitu, si mate, si mafuta, si wanja, si majivu. Alikiacha kipate hewa, na winda akalikunja kwa chini ili mkojo usikifikie. Huko Pemba ulifanyika utafiti mkubwa, ukachapishwa mwaka 2016, juu ya kukipaka kitovu dawa ya kuua vijidudu iitwayo klorheksidini. Ulihusisha vichanga zaidi ya 36,000, na tofauti ya vifo kati ya waliopakwa na wasiopakwa ilikuwa ndogo mno kuweza kuitegemea. Dawa hiyo bado inashauriwa mahali ambapo watu wana mazoea ya kukipaka kitovu vitu vya hatari. Mahali pengine popote, kitovu kinachotunzwa kisafi na kikavu kinajiendea chenyewe. Cha huyu kilidondoka baada ya wiki moja na kitu, kikiwa kimekauka na kusinyaa. Bibi alikagua mahali kilipotoka, akanusa, akatazama kama kuna wekundu pembeni. Siku mbili baadaye, alipoona pamekauka kabisa, ndipo beseni likaingia chumbani.

Maandalizi yake yana mpangilio usiobadilika. Kigoda karibu na ukuta, kwa ajili ya mgongo wake. Beseni kuliani, jagi la maji ya kusuuzia pembeni yake, nalo limepimwa kwa kiwiko. Kushotoni mkeka, juu yake kanga kuukuu mbili zilizofuliwa hadi zikawa laini, moja ya kukaushia, moja ya kumfungia. Vitambaa vidogo vitatu vilivyokatwa kutoka kanga ya tatu. Sabuni nyeupe isiyo na harufu. Kichupa cha mafuta, ambacho amekitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto ili mafuta yapate joto kidogo. Winda, fulana, kofia. Dirisha la upande wa baharini limefungwa, la upande wa pili liko wazi kwa mwanga. Kila kitu kiko mahali ambapo mkono unafika bila yeye kuinuka, kwa sababu mkono wa kushoto ukishamshika mtoto haumwachii mpaka amekaushwa. Saa yake ni saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kukipasha chumba, na mtoto awe amenyonya muda kidogo uliopita. Akiwa na njaa atalia toka mwanzo hadi mwisho, na akiwa ameshiba sasa hivi atacheua.

Uso unatangulia, mtoto akiwa bado amefungwa kanga mwili mzima. Hapa hakuna sabuni. Bibi anachovya pembe moja ya kitambaa, anaikamua, anafuta jicho kutoka upande wa pua kwenda nje, mara moja, bila kurudi. Jicho la pili linapata pembe nyingine, ili tongo za jicho moja zisipelekwe kwenye la pili. Masikio anayafuta nje na nyuma tu, ndani haingizi kitu. Vijiti vya pamba vilivyoletwa kama zawadi vimekaa kwenye kabati tangu siku ya kwanza. Kisha anakuja kwenye shingo, ambayo kwa kichanga ni kama haipo. Kidevu kimelalia kifua, na katikati yake mna mifereji miwili mitatu ambamo maziwa huteremka, yakaganda, yakachacha. Anaingiza kidole cha shahada chini ya kidevu, anakiinua kidogo tu, na mfereji unafunguka. Anapitisha kitambaa. Anatazama. Anapitisha tena.

Kichwa nacho kinaoshwa mwili ukiwa umefungwa. Mtoto analala juu ya mkono wake wa kushoto, miguu ikipita chini ya kwapa la bibi, kisogo kikiwa kiganjani, kichwa kikining'inia juu ya beseni. Kwa mkono wa kulia anachota maji na kuyamwaga kuanzia kwenye paji kwenda nyuma. Utosini, pale panapopigapiga, hapaogopi wala hapabonyezi. Mtoto ameota magamba ya manjano sehemu ile, mafuta yaliyokauka na ngozi iliyobanduka, jambo linalowapata vichanga wengi na lisilowaumiza. Bibi aliyapaka mafuta jana usiku ili yalainike, na leo anayapitishia kitana laini. Yanayotoka yanatoka. Yanayokataa anayaacha hadi kesho, hayakwangui kwa kucha. Halafu kabla ya kufanya lolote jingine anakikausha kichwa, kwa kuwa kichwa cha kichanga ni sehemu kubwa ya mwili wake, na kikiachwa majimaji ndicho kinachomtia baridi kabla ya miguu.

Sasa ndipo anamfungua. Bibi amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha mbele, gauni amelipandisha hadi magotini, beseni liko chini ya miguu. Mtoto analazwa chali juu ya mirundi yake, kichwa upande wa magoti. Nimewaona wengi wakiogesha hivi, lakini mshiko wa mkono wa kushoto ndio unaomtambulisha fundi. Kigasha kinapita chini ya shingo. Kidole gumba na cha shahada vinazunguka mkono wa mtoto wa upande wa mbali, juu karibu na bega, na vidole vilivyobaki vinaingia kwapani. Havibani. Hata mtoto akijirusha, na huyu hujirusha, hawezi kuteleza wala kuviringika, kwa kuwa mkono ule unakwenda pamoja naye. Kabla ya maji kumgusa kifuani, bibi anamlowesha nyayo, kisha magoti, kisha tumbo. “Haya, mke mwenzangu, maji yamekuja,” anamwambia, kwa utani ule wa bibi na mjukuu wake wa kike. Mtoto anakunja uso, anafikiria kulia, anaahirisha.

Sabuni haimgusi mtoto moja kwa moja. Bibi anajipaka kiganjani, anaisugua hadi itoe povu kidogo, na povu hilo linakwenda sehemu chache tu: kwapani, mapajani kwenye kinena, na matakoni. Kifua, mgongo, mikono na miguu vinapata maji matupu. Mgeni mmoja alimshangaa, akasema mtoto hatanukia. Bibi alimwuliza kichanga amelima wapi hata anuke.

Kisayansi yuko sahihi kuliko anavyodai. Tabaka la juu la ngozi ni kama paa la makuti, seli zilizokauka zimepandana safu kwa safu, na mafuta ya ngozi ndiyo yanayozishikanisha ili maji ya ndani yasitoke na vijidudu vya nje visiingie. Paa la kichanga ni jembamba na bado linaezekwa. Anapozaliwa ngozi yake haina uchachu, na katika siku na wiki zinazofuata inajijengea uchachu kidogo unaozuia vijidudu vibaya kustawi. Sabuni ya kipande ina asili ya alkali. Kila inapopita inaufuta uchachu ule na kuondoka na sehemu ya mafuta, na ngozi inaanza kujijenga upya. Mtu mzima halioni hilo. Kichanga anayepakwa sabuni utosi hadi unyayo asubuhi na jioni hapati nafasi ya kumaliza kazi hiyo. Kwa afya ya ngozi peke yake, kuoga mara mbili tatu kwa wiki kungetosha. Kwa joto la Tanga bibi anamwogesha kila siku, lakini maji yanamgusa kwa dakika tano hivi, na siku nyingi sabuni haitoki kwenye kisahani chake.

Sehemu za siri anaziosha kutoka mbele kwenda nyuma, kitambaa kikipita mara moja na kuwekwa kando. Hachokonoi ndani. Mjukuu wake wa kiume naye alipokuwa mdogo, aliniambia, hakumvuta ngozi ya mbele hata siku moja.

Anamgeuza. Mkono wa kushoto unahama kutoka shingoni kwenda kifuani, mtoto analala kifudifudi juu ya mirundi, uso pembeni, pua wazi. Ni mwendo mmoja, sikuwahi kuona mahali unapoanzia. Chini ya mgongo, juu ya matako, kuna doa kubwa la rangi ya bluu iliyofifia, mfano wa alama ya kupigwa ngumi. Mama yake mtoto alilia alipoliona mara ya kwanza, akidhani mwanawe aliumizwa wakati wa kuzaliwa. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na alama hiyo. Ni rangi ya ngozi iliyolala chini zaidi, haiumi, na hufifia mtoto anavyokua. Bibi alimwonyesha kwamba akipabonyeza mtoto hashtuki, akampa habari kwamba na yeye alikuwa nalo, mahali palepale.

Jagi la kusuuzia linamwagwa polepole kuanzia mabegani. Kazi ya maji imekwisha. Kwa wengi wetu na kuogesha kumekwisha.

Kwa bibi ndiyo kwanza tumefika nusu. Anamtua mtoto katikati ya kanga iliyotandikwa kwenye mkeka, anamfunika pande zote mbili upesi, na kwa muda anafanya kitu kimoja tu, anambonyeza kwa viganja juu ya kanga, mwili mzima, kitambaa kinywe maji. Hasugui. Ngozi iliyolowa ni dhaifu kuliko kavu, na msuguano ndio unaoichubua. Baada ya hapo anaanza kumfungua kipande kwa kipande, na anayemtazama lazima atulie, kwa sababu hapa hakuna haraka itakayosaidia.

Nyuma ya sikio la kulia. Nyuma ya la kushoto. Mifereji ya shingo, kidevu kikiinuliwa kwa kidole kilekile. Kwapa, ambalo mtoto hulibana, na bibi halilazimishi, anapitisha kidole juu ya bega hadi mkono ulegee wenyewe. Kikunjo cha kiwiko. Kifundo cha mkono, ambacho kwa mtoto aliyeanza kunenepa kina mstari kama uzi umefungwa, na ndani ya mstari mna maji. Ngumi. Anaisukuma kwa kidole cha mwisho kutoka upande wa kidole kidogo cha mtoto, ngumi inafunguka, na ndani ya kiganja mna nyuzi za nguo na jasho la tangu jana. Anazitoa. Kati ya kidole na kidole. Kinena, kila upande una mikunjo miwili, na wa ndani hauonekani mpaka paja lifunguliwe nje. Nyuma ya goti. Kati ya vidole vya miguu. Kila kikunjo anakigusa kwa kitambaa, anakishikilia wazi kidogo, anakisogezea macho yake mabovu kwa karibu, kisha anahama. Hakuna anachokiruka kwa kuwa jana kilikuwa salama.

Nilihesabu muda mara moja, na kukausha kulichukua muda zaidi ya mara mbili ya kuosha. Ndiyo siri ya mtoto huyu kutokuwa na harara wakati watoto wa jirani, katika joto hilohilo la kaskazi, wameota vipele shingoni na mgongoni. Kikunjo kilichobaki na maji hugeuka chumba cha joto na unyevu. Vinyweleo vya jasho huziba, ngozi huchubukiana, fangasi hupata makazi. Poda haiponyi hilo. Ikichanganyika na unyevu inafanya uji unaokaa kwenye kikunjo, na vumbi lake mtoto hulivuta mapafuni. Bibi hana poda. Harara ikimtokea mtoto, dawa yake ya kwanza ni kumvua fulana na kumpeleka penye hewa. Liwa anaisugua jiweni kwa ajili ya mama yake mtoto, si kwa kichanga.

Wakati huohuo anakagua. Ndiyo maana alitaka dirisha la mwanga. Katika siku za mwanzo alikuwa akimbonyeza kwa kidole kwenye paji na kifuani, anaachia, anatazama rangi inayorudi, na akimfunua ufizi na kumtazama weupe wa macho, maana umanjano kwenye ngozi nyeusi hujificha. Ukionekana kidogo siku ya pili au ya tatu, mtoto ananyonya vizuri na amechangamka, huangaliwa kwa karibu. Ukitokea ndani ya siku ya kwanza, au ukifika viganjani na nyayoni, ni hospitali bila kungoja. Vipele vidogo vyenye kichwa cheupe vilivyomtokea wiki ya kwanza na kuhamahama mwilini alivitambua, akaviacha, vikaondoka. Ngozi ya miguu ilipobanduka alisema ni ya tumboni hiyo, na akamkataza mama kuivuta. Lakini upele wenye usaha, au wekundu unaosambaa kuzunguka kitovu, hauna mjadala nyumbani kwake. Alishamfunga mtoto wa mpangaji wake kanga na kumpeleka mwenyewe kwa sababu hiyo.

Mafuta yanakuja mwisho. Ni ya nazi, na anayapika mwenyewe. Anakuna nazi zilizokomaa kwenye mbuzi, anakamua tui la kwanza zito bila kuongeza maji mengi, analiacha usiku lijitenge, asubuhi anaengua juu na kukichemsha alichoengua kwa moto mdogo. Tui linakatika, linatoa machicha meupe, mafuta yanaelea yakiwa meupe kama maji. Hapo ndipo pa kuwa macho. Machicha yakianza kubadilika rangi anaepua, kabla hayajawa kahawia, kwa sababu yakiungua mafuta yanapata harufu na rangi. Anayachuja kwa kitambaa mara mbili, anayahifadhi kwenye kichupa kilichokauka kabisa. Tone la maji likiingia yataoza.

Wataalamu hawajakubaliana juu ya mafuta. Huko Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi pungufu kwa asilimia 41 kuliko wasiopakwa kitu, kama ilivyochapishwa mwaka 2005. Uingereza, watoto 1,394 kutoka familia zenye pumu ya ngozi na mizio walifuatiliwa, nusu wakipakwa vilainishi vya ngozi kila siku mwaka mzima, na matokeo ya mwaka 2020 hayakuonyesha kwamba waliopakwa walikingwa na pumu hiyo. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima yake yote, katika utafiti mwingine wa Uingereza wa mwaka 2013 yalidhoofisha ngozi ya watu wazima waliojitolea kupakwa. Ninachokichukua mimi ni kwamba mafuta yanamsaidia aliyekauka au aliyezaliwa kabla ya siku zake, na mtoto aliyetimia mwenye ngozi nzuri hadhuriki akipakwa machache wala hadhuriki asipopakwa.

Bibi anatumia matone. Anayapasha kati ya viganja, anavipitisha kwenye miguu, mikono, tumbo kwa kufuata mzunguko wa saa, mgongo. Kwenye mikunjo aliyoikausha kwa taabu ile hapaki. Hamkandi viungo kwa nguvu, hamnyooshi pua, hamfinyangi kichwa. Maziwa ya kichanga yalivimba kidogo wiki ya kwanza, kama yanavyovimba ya vichanga wengi kwa ajili ya homoni za mama, na shangazi mmoja alitaka yakamuliwe. Bibi alimshika mkono. Zamani aliwakamua watoto, alisema, na aliona mmoja akipata jipu. Wanja pia aliuweka mbali, maana wanja mwingi wa jadi una madini ya risasi, na macho ya mtoto hayauhitaji.

Winda, fulana, kofia. Nguo zote zimepigwa pasi pande mbili, hadi kwenye mishono, na hili si la urembo. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, buu lake likapenya ngozini na kuota kama jipu. Joto la pasi huyaua mayai. Binti yake alipolalamika kwamba umeme umepanda bei, bibi alimwambia apunguze kuangalia runinga.

Arubaini ilipokaribia, asubuhi moja bibi alikaa kwenye mkeka, mahali pangu, akamwachia binti kigoda. Mzazi alimimina ya baridi kwanza. Akapima kwa kiwiko. Mshiko ulimsumbua, gumba lilikuwa likibana, mtoto akalia, na bibi hakumnyang'anya. Alisema tu, “Legeza, mwanangu, hakimbii.” Gumba likalegea. Maji, jagi, kanga. Binti alianza kukausha, sikio, shingo, kwapa, akaenda vizuri hadi kwenye vidole vya miguu, akanyoosha mkono kuchukua kichupa.

“Ngumi ya kushoto,” bibi akamwambia. “Hujaifungua.”